Keti Kwanza

 

Shuka stejini Ruiru, ufuate njia ya kwenda Kimbo kwa miguu, kisha uinue macho. Utaona majengo ya ghorofa yaliyokwama. Chini kuna kinyozi na duka la M-Pesa, juu yake wapangaji wameanika nguo, juu ya wapangaji kuna madirisha yasiyo na vioo, na juu kabisa ni nondo tupu zimesimama kama nywele za mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Zinanyeshewa. Zinaota kutu. Hakuna haja ya kuuliza kilichotokea, maana hata mtoto wa chekechea wa Ruiru anajua: mwenye ploti alianza kwa mbwembwe, pesa zikamwishia katikati.

Bwana wetu aliwajua watu hawa kabla Ruiru haijapata jina. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Tazameni vizuri jambo la kwanza analomtaka afanye. Hamtumi akachimbe msingi. Hamtumi akaite fundi. Hata kuomba hamwambii hapo, na hilo nalisema nikiwa mhubiri. Anamtaka aketi. Aketi, ahesabu gharama, aone kama anazo za kumalizia. Asipoketi, watu watamcheka.

Leo sihubiri juu ya saruji. Nahubiri juu ya watoto wenu: wale wa Gredi ya 9 watakaochagua mkondo wa masomo, wale wa kundi la kwanza walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, na ndugu zao wakubwa wachache waliobaki katika 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985 na ambao mtihani wake wa mwisho wa KCSE ni wa mwaka 2027. Hao wote wanajenga mnara. Nami nasema bila kupepesa: wazazi wengi kuanzia Githurai hadi Makongeni hatujaketi.

Nianze na mnara wangu mwenyewe.

Binti yangu alipokuwa anamaliza Kidato cha Pili alinikabidhi karatasi ya kuchagua masomo. Ilikuwa siku ya wazazi, jua kali, na mimi nilikuwa nimechelewa mkutano wa chama mjini Thika. Akaniuliza, "Baba, Fizikia niiache?" Walikuwa wameambiwa kwamba Fizikia inaangusha alama. Nikamwuliza yeye anaonaje, na kabla hajajibu nilikuwa nimeshaweka karatasi juu ya boneti ya gari la mtu nikatia sahihi. Nilitia sahihi nimesimama, ndugu zangu. Kalamu yenyewe nilimwazima mzazi mwenzangu.

Huyu ni mtoto ambaye Barabara Kuu ya Thika ilipokuwa inajengwa, kabla Rais Kibaki hajaifungua Novemba 2012, kila tukipanda matatu alibandika uso dirishani akihesabu madaraja. Alitaka kuyajenga. Alifanya KCSE, akapata B. Tulisherehekea, tukachinja. Kisha tukaketi, sasa ndipo tukaketi, mbele ya kompyuta kutafuta uhandisi wa ujenzi, na kila kozi ilituuliza swali lile lile: Fizikia iko wapi? Tulikuwa tunaishi mwendo wa dakika chache kutoka Juja, kwenye lango la chuo kikuu cha JKUAT, chuo kilichoanza 1981 kwa msaada wa Japani kwenye ardhi ya ekari mia tano hivi aliyotoa Mzee Jomo Kenyatta. Lango tulilipita kila siku. Mlango wa uhandisi nilikuwa nimeufunga mimi, juani, juu ya boneti.

Mungu ni mwema. Binti hajapotea, ana kazi ya ununuzi katika kiwanda kimoja mjini Thika. Lakini tukipita juu ya daraja yeye hunyamaza, nami hunyamaza.

Basi ninyi wenye watoto Kidato cha Tatu na cha Nne, nisikilizeni kwanza, maana muda wenu ni mfupi. Tuhesabu pamoja. KCSE huhesabu masomo saba, kila somo pointi 12, jumla 84. Tangu mtihani wa 2023, yanayoingia ni Hisabati, lugha moja, na matano ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. Mlango wa shahada ni C+, nayo huanzia pointi 46. Sasa mchukue kijana aliyeitupa Hisabati akapata E. Hiyo ni pointi 1. Kiswahili amepata B+, pointi 10. Ongeza B- moja, C+ tatu na C moja: 8, 7, 7, 7, 6. Jumlisha. Ni 46 kamili! Amepata C+ na E ya Hisabati kifuani.

Hapo ndipo mama atapiga vigelegele, na ana haki ya kuvipiga. Lakini ngoja. KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, wakifungua maombi hawatazami 46 peke yake. Kila kozi ina masomo yake manne inayoyataka na alama inazozidai. Uhandisi unadai Hisabati, Fizikia na Kemia. Udaktari unadai Biolojia na Kemia. Sheria inataka B ya Kiingereza au Kiswahili. Ile C+ inakuingiza uani tu, nyumba ina milango mingine, na kijana wetu mwenye E ya Hisabati atazunguka uani humo akigonga mlango mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo mwanangu wa Kidato cha Tatu unayesema Hisabati si lako, bado unayo miezi. Kutoka E hadi D+ ni pointi tatu. Pointi tatu hizo hununuliwa kwa jioni za kawaida, kwa kurudia maswali ya karatasi zilizopita, na kwa kumwendea mwalimu badala ya kumkimbia.

Na usisahau kwamba hata asiyefika C+ hajatupwa nje. Taasisi ya kiufundi ya Thika ipo palepale, na mafundi umeme na makanika wake wanajenga nyumba huku wenye shahada wakilipa kodi. Ukienda huko nenda kwa miguu yako, kwa kuchagua. Usiende kwa kuburutwa.

Sasa nyinyi wa Gredi ya 9 na ya 10. Huku ndiko moyo wangu unakochemka.

Desemba 2025, matokeo ya KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, yalipotoka na watoto wakapangiwa shule, nilikuwa katika saiba moja mjini Ruiru nikisubiri kuchapa karatasi za kanisa. Watu walijaa hadi ngazini. Mbele yangu alikuwa mama mmoja amejifunga leso, mkoba kwapani, akitaka mtoto abadilishiwe shule. Kijana wa saiba akamwuliza, bila kuinua macho, "Mkondo gani, mathe?" Mama akajibu, "Weka tu STEM, si ndiyo ina pesa?" Kijana akauliza masomo matatu yenyewe. Mama akamwambia, "Chagua wewe mwanangu, wewe unajua mambo ya kompyuta." Kijana wa saiba! Aliyekuwa analipwa shilingi mia moja kwa kila fomu, na foleni ya watu 30 inamsukuma! Mtoto mwenye maisha yake alikuwa nje barabarani akila mahindi choma. Hakuna aliyemwita.

Nilitaka kusema neno. Sikusema. Nasema sasa.

Mama, baba, shosho unayelea wajukuu: sikilizeni jinsi mnara huu ulivyo. Sekondari pevu ni miaka mitatu, Gredi ya 10 hadi ya 12. Kundi la kwanza litamaliza 2028. Kuna mikondo mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto anasoma masomo saba. Manne ni ya wote: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Huduma kwa Jamii. Matatu yaliyobaki ndiyo anayochagua, na hayo matatu ndiyo yaliyokabidhiwa kijana wa saiba.

Kuhusu Hisabati kulikuwa na zogo. Mwanzoni iliwekwa kama somo la hiari kwa walio nje ya STEM, walimu na wazazi wakapiga kelele, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mtoto ataisoma: walio katika STEM ile nzito, wengine ile nyepesi zaidi. Kwa hiyo msimdanganye mtoto kwamba akienda kucheza mpira au kupiga gitaa ameziaga hesabu.

STEM nayo si chungu kimoja. Ndani yake wapo wa sayansi tupu, Biolojia, Kemia na Fizikia. Wapo wa sayansi ya matumizi, kama Kilimo, Kompyuta na Sayansi Kimu. Na wapo wa ufundi: umeme, useremala, ujenzi, hata teknolojia ya ndege, somo ambalo shule ya Mang'u, hapo nyuma ya Thika, wamelifundisha miaka mingi tangu enzi za mfumo wa zamani. "Weka STEM" ni sawa na kumwambia muuza duka "nipe chakula". Atakupa alichonacho karibu na mkono.

Tena si kila shule ina kila kitu. Serikali ilipanga kwamba kila shule itoe STEM na angalau mkondo mwingine mmoja. Zenye mikondo yote mitatu ni chache zaidi. Maana yake ni kwamba binti yako mwenye sauti iliyowaliza watu hapa kanisani siku ya Pasaka anaweza kupelekwa shule yenye jina kubwa, basi lake linang'aa, sare yake inavutia, na huko hakuna mwalimu wa Muziki hata mmoja. Tumeng'ang'ania majina. "Wangu ameitwa shule ya kitaifa!" Amina, lakini ameitwa kusoma nini? Fomu ilitaka shule 12 kutoka kwa kila mtoto. Shule 12! Kama hujajua mchanganyiko wa masomo unaotolewa katika kila moja, hukuchagua, umecheza kamari.

Jina la shule halifanyi mtihani.

Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hulijua wakati limeshapita. Mtoto haingii sekondari pevu kwa mtihani wa siku chache za mwisho wa Gredi ya 9 peke yake. KJSEA inabeba asilimia 60. Asilimia 20 inatoka kwenye KPSEA ya Gredi ya 6. Asilimia 20 nyingine ni kazi za darasani za Gredi ya 7 na ya 8, ile miradi mliyokuwa mnalalamikia, "Mwalimu anataka tena maboksi na gundi!" Ule mradi wa maboksi ulikuwa matofali. Wewe uliununua sokoni Jamhuri umeshatengenezwa na mtu mwingine, ukampa mtoto abebe. Umetia saruji ya mchanga katika ghorofa ya kwanza, halafu unashangaa ya pili kupata nyufa.

Niruhusuni niwaambie habari ya kahawa, kisha nitarudi.

Wazee wa hapa wanakumbuka Ruiru ilipokuwa kahawa tupu, kabla ya Membley, kabla ya Tatu City, kabla ya kila mtu kuwa landilodi. Mwaka 1968 ugonjwa unaoozesha kahawa ikiwa bado mbichi mtini ulipiga mashamba ya nchi hii vibaya sana. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kahawa, hapa hapa Ruiru, wakaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hawakutoka kesho yake na mche mkononi. Waliketi. Walivusha chavua ua kwa ua, wakasubiri mti uzae, wakaonja, wakatupa, wakaanza upya. Mwaka 1985 ndipo wakawapa wakulima aina mpya: mti mfupi, unaokaa wengi katika ekari moja, unaostahimili ugonjwa ule na kutu ya majani. Wakauita Ruiru 11. Jina la mji wetu liko midomoni mwa wakulima wa kahawa wa nchi nyingine, na wengi wetu tunaolala Ruiru hatulijui hilo.

Lakini sikilizeni siri ya Ruiru 11. Ni chotara. Mbegu yake hutengenezwa kwa mkono, mama wake na baba wake wamechaguliwa. Ukienda shambani kwa jirani ukaokota mbuni chini ya mti wake mzuri, ukapanda kwako, hutapata mti ule. Utaota mti mwingine, wenye tabia zake, na pengine ugonjwa ule ule ulioukimbia.

Ndivyo mnavyofanya, wapendwa! Mnaokota mbegu chini ya mti wa jirani! "Wa Mama Wambui anasoma Fizikia na Kemia, na wewe utasoma Fizikia na Kemia." Mtoto wa Mama Wambui amekuwa akifungua redio tangu ana miaka sita. Wako, ukimtuma dukani, anarudi na habari za watu wote wa mtaa, nani amehamia, nani anadai nani, na kwa nini. Mungu amekupa mwandishi wa habari, au wakili, au mwalimu wa historia, nawe unamvalisha koti la maabara kwa nguvu. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba asilimia 60 ya watoto wataingia STEM, 25 Sayansi za Jamii na 15 Sanaa na Michezo. Hata kwa hesabu ya serikali, watoto arobaini katika kila mia wana mahali pengine.

Sasa gharama, maana Bwana alisema gharama na sitairuka. Karo iliyowekwa na serikali kwa shule kubwa za bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Zidisha kwa tatu: 160,662. Hapo hujanunua godoro, sanduku, viatu, wala hujalipa nauli ya kwenda kumwona. Kuna baba hapa, fundi wa viatu, atauza pikipiki kulipa muhula wa kwanza, na muhula wa pili mtoto atarudishwa nyumbani. Nondo zitabaki zimechomoza. Baba huyo angeketi angeona shule ya kutwa hapo jirani, yenye masomo matatu yale yale anayoyataka mwanawe, ambako serikali inalipia masomo na yeye analipa chakula cha mchana. Kutwa si aibu. Aibu tumeiumba sisi, tukiulizana baada ya ibada, "Wako yuko wapi?" kwa sauti ile tunayoijua.

Nakuja kwako sasa, kijana. Wewe uliyejibanza benchi la nyuma, simu chini ya Biblia.

Usiseme wazazi hawakuelewi ikiwa hujawahi kuwaambia kitu. Unajua ni somo gani unalofungua bila kutumwa? Unajua ni lipi linalokufanya uangalie saa? Andika. Usifuate rafiki yako wa Kihunguro kwa sababu mnapanda matatu moja. Gredi ya 11 mtakuwa mmegombana na Kemia itabaki na wewe. Hapo Thika kuna shule ya wasioona, iliyofunguliwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, wakati watu wengi waliamini mtoto asiyeona kazi yake ni kuketi mlangoni na bakuli. Watoto wa pale wanasoma kwa vidole, Breli, ukurasa kwa ukurasa, na kuna waliotoka hapo wakawa walimu na mawakili. Wewe una macho mawili na kitabu, na unaniambia ukurasa umekuchosha?

Ukiwa Gredi ya 10 na umegundua mwezi wa kwanza tu kwamba mchanganyiko wako haukufai, sema sasa. Mwendee mwalimu wa darasa, mwendee mkuu wa masomo, mwambie mzazi, na useme ukiwa na sababu ulizoziandika. Ukinyamaza hadi Gredi ya 12 utakuwa umejiletea jua lile, na boneti ile.

Nami nawasihi, wazazi, kwa ajili ya Bwana. Kabla fomu hazijafunguliwa, zima televisheni jioni moja. Jioni moja tu. Mwite mtoto, keti naye mezani, mwulize halafu unyamaze mpaka ajibu. Chukueni cheti cha kuzaliwa mhakikishe majina yake yanafanana, herufi kwa herufi, na yale yaliyosajiliwa shuleni, maana herufi moja imewazungusha watu ofisini miaka. Andikeni masomo matatu. Pembeni yake andikeni kozi tatu ambazo masomo hayo yanafungua, na kozi ambazo yanafunga. Hizo za kufunga mzitazame kwa muda mrefu zaidi. Halafu ndipo mtafute shule, na jina la shule liwe la mwisho kuandikwa.

Asiyejua kusoma fomu asione haya, wala asiende saiba. Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, tutapanga meza nyuma ya kanisa, chini ya mwavuli wa mti. Walimu wanne wa kanisa hili wamekubali kukaa nasi hadi jioni. Binti yangu naye atakuwepo. Mwulizeni habari za Fizikia, hatawaficha. Kalamu tutaleta sisi. Viti vipo vya kutosha. Njooni na mtoto.